Injini kubwa haitoshi

Kijana wa bodaboda anayenishusha shuleni hapa Moshi aliniuliza juzi, "Mwalimu, hiyo spidi ya mwanga, kwa nini isipitwe? Si mtu anatengeneza tu injini kubwa zaidi?"

Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Lina kosa ndani yake, na kosa hilo nililibeba mwenyewe mpaka chuo kikuu: nilidhani ni suala la nguvu.

Nguvu imeshajaribiwa. Mwaka 1964, huko Marekani, mwanafizikia William Bertozzi alirusha elektroni, chembe ndogo za umeme, kwenye umbali wa mita 8.4 akapima muda zinaotumia. Zile za nishati ndogo kabisa zilikwenda kwa takriban asilimia 87 ya kasi ya mwanga. Akaongeza nishati mara 30. Kwa hesabu za kidato cha tatu, kasi ingepanda zaidi ya mara 5. Ilisogea mpaka ikakaribia kabisa asilimia 100, ikagoma hapo. Na nishati haikuvuja njiani, maana elektroni zilipogonga kisahani cha alumini kilipata joto kama ilivyotarajiwa. Mafuta yaliingia, mwendo haukuongezeka.

Kikomo chenyewe ni kilomita 299,792 na ushei kwa sekunde. (Mwanga umebahatika tu kupewa jina, chochote kisicho na masi, yaani kiasi cha maada, hukimbia kasi hiyo hiyo.) Alichokiona Einstein mwaka 1905 ni kwamba kila mpimaji, awe amesimama au anakimbia, atapata namba hiyo moja. Sasa fikiri kidogo. Kasi ni umbali kugawanya kwa muda. Jibu likikataa kubadilika, kitakachobadilika ni umbali na muda wenyewe.

Hapa ndipo wanafunzi hunitazama kama mganga wa kienyeji. Kwa hiyo huwa nawaonyesha mlima dirishani, ukiwa umefunguka.

Juu angani, chembe kutoka anga za mbali zinapogonga hewa, huzaliwa chembe nyingine ziitwazo muoni. Maisha yake ni mafupi mno: kwa wastani sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Hata ikikimbia karibu na kasi ya mwanga, kwa muda huo muoni ingepaswa kufika kama mita 660 tu. Lakini zinatufikia huku chini kila dakika, na zinapita hata kwenye kiganja chako unaposoma.

Mwaka 1963 wanafizikia David Frisch na James Smith walizihesabu juu ya Mount Washington, mlima wa Marekani wa mita zisizofika 2,000: wastani wa 563 kwa saa. Bila muda kunyumbuka, usawa wa bahari zingefika kama 27. Zilifika 412.

Kilele cha Kibo kipo mita 5,895, karibu mita 5,000 juu ya mji wetu. Muoni inayokimbia kwa asilimia 99.5 ya kasi ya mwanga, kwa saa zetu, inahitaji sehemu 17 za milioni ya sekunde kushuka kimo hicho. Kwa saa yake yenyewe ni 1.7 tu, na urefu inaoukuta ni mita 500. Kwa muoni, Kilimanjaro ni kilima kweli.

Kijana alisikiliza mpaka getini, akazima pikipiki. "Kwa hiyo anayekimbia sana, njia yenyewe inamfupikia?"

Ndiyo. Nilimlipa, nikachelewa kipindi.