Umepita miaka 50 na unataka triathloni ndefu? Anzia majini

Kila mwaka, mbio za Nairobi Marathon zikishapita, kliniki yetu ya tiba ya michezo hupata wageni wanaofanana. Mtu ana miaka 50 na kitu, watoto wamemaliza shule, amekimbia kilomita 21 bila kuumia, na sasa anatafuta jambo kubwa zaidi. Kuna aliyemwonyesha video ya triathloni ndefu, yale mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, na usingizi umeshampaa. Swali lake la kwanza huwa ni hili: "Daktari, ninunue baiskeli gani?"

Nami humuuliza, "Unaogelea?" Hapo mazungumzo hupoa.

Simlaumu. Wengi wetu tuliokulia bara tulijua kukimbia kabla ya kujua kuandika, lakini mto tulikatazwa hata kuukaribia. Ndiyo maana naandika makala haya. Mwili uliopita miaka 50 unaweza kuimaliza triathloni ndefu, hilo sina shaka nalo. Ila maandalizi yaanze na moyo na maji. Baiskeli itasubiri.

Tuanze na vipimo vyenyewe. Triathloni ndefu ni kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia kilomita 42.2, yote siku moja, mfululizo. Ilianza Hawaii tarehe 18 Februari 1978, pale watu walipounganisha mashindano matatu yaliyokuwapo kisiwani Oahu. Siku hiyo walianza wanaume 15, wakamaliza 12. Leo mashindano mengi ya aina hii hutoa saa 17. Ukiingia majini saa moja asubuhi, mstari wa mwisho hufungwa saa sita usiku.

Wapo wazee waliolifanya jambo hili. Mtawa Mmarekani Madonna Buder, aliyeanza kukimbia akiwa na miaka 48, alimaliza triathloni ndefu kule Kanada mwaka 2012 akiwa na miaka 82. Mjapani Hiromu Inada alifika mwisho kule Hawaii mwaka 2015 na kukuta amechelewa sekunde tano tu, baada ya saa 17 nzima za kuhangaika. Hakukata tamaa, na mwaka 2018, akiwa na miaka 85, alimaliza ndani ya muda. Huwa nawasimulia wagonjwa wangu habari za Inada, hasa zile sekunde tano, kwa sababu kilichomrudisha ni mazoezi.

Sasa moyo. Kadiri umri unavyosonga, mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua, misuli hupoteza nguvu, na uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka hata kwa anayefanya mazoezi, ingawa kwake hushuka polepole zaidi. Hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni presha ambayo mtu hajui anayo, au mishipa ya moyo iliyoanza kuziba kimyakimya. Kukimbia kilomita 21 bila kuanguka hakuthibitishi kwamba mishipa yako iko sawa. Kabla ya kulipia chochote, nenda upimwe presha, sukari na mafuta ya damu, ufanyiwe kipimo cha umeme wa moyo, na daktari akiona haja, upimwe moyo ukiwa unakimbia kwenye mashine. Mwambie kama baba au ndugu yako alifariki ghafla akiwa kijana. Na kama unatumia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, zile hesabu za mapigo unazoziona kwenye saa ya mkononi hazikuhusu. Pima juhudi yako kwa pumzi. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, uko pazuri.

Kwa nini nasisitiza hivi? Nchini Marekani, kati ya mwaka 1985 na 2016, vilihesabiwa visa 120 vya washiriki wa triathloni kufa ghafla au moyo kusimama mashindanoni. Visa 90 kati ya hivyo vilitokea wakati wa kuogelea. Wengi walikuwa wanaume, na hatari ilipanda sana kwa wanaume waliofikisha miaka 60. Majini mtu huanza kwa kishindo, kifua hubanwa na msukosuko wa watu, hofu hupandisha presha, na akizidiwa hana pa kukaa. Wapo pia ambao mapafu huanza kujaa maji kutoka mwilini mwao wenyewe wakiwa wanaogelea. Anakohoa, pumzi inakata, anatema mate yenye povu la rangi ya waridi. Hilo huwapata zaidi wenye presha na waliokwenda umri. Ukiona dalili hiyo, geuka ulale chali, inua mkono, uite mwokoaji. Usijaribu kumalizia mita zilizobaki.

Nina mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu wa miaka 58, ambaye ameniruhusu nimsimulie bila kumtaja jina. Siku ya kwanza bwawani alishika ukingo kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe kwa kukaza. Mkufunzi hakumwambia aogelee. Alimwambia aingize uso majini na kutoa pumzi polepole kupitia puani mpaka mapovu yaishe, kisha ainuke. Alifanya hivyo dakika 20, siku tatu kwa wiki, kwa wiki mbili, hakuna kingine. Wenzake walidhani anapoteza muda. Lakini kosa la wengi wanaojifunza ukubwani ni kushikilia pumzi. Mtu akishikilia pumzi kifua hujaa, shingo hukaza, miguu huzama, na mita 25 humchosha kuliko kupanda vilima vya Ngong. Mwalimu alipojifunza kutoa pumzi, miguu iliinuka yenyewe.

Kilomita 3.8 ni kuvuka bwawa la mita 25 mara 152. Mashindano mengi hutoa saa 2 na dakika 20 kwa sehemu hiyo, yaani kila mita 100 kwa dakika 3 na sekunde 41. Si kasi kubwa hata kidogo. Kinachohitajika ni utulivu. Na bwawa peke yake halitoshi, kwa sababu baharini hakuna mstari mweusi chini wala ukuta wa kujisukuma. Panga safari angalau mbili za Pwani kabla ya siku yenyewe, uogelee ukiwa na mwenzako na boya la kujifunga kiunoni, ukiuliza wavuvi kuhusu maji kujaa na kupwa. Safari hiyo ina faida nyingine: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni ya baridi, na mwili wetu haujazoea joto la Mombasa. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea. Anayeshuka na treni Ijumaa jioni kushindana Jumapili anajitafutia shida.

Kwa baiskeli nitasema machache. Kilomita 180 ukiwa na saa nane ni wastani wa kilomita 22.5 kwa saa, na hilo linajengeka. Barabara ya Magadi baada ya Kiserian ni nzuri kwa safari ndefu, lakini ukiteremka kumbuka utapanda kurudi kwenye jua la adhuhuri. Nenda na gari la kukufuata. Ondoka mjini alfajiri ya Jumapili kabla matatu hazijachangamka, vaa helmeti na nguo zinazoonekana. Mara moja kwa wiki, ukishuka kwenye baiskeli, kimbia dakika 15 papo hapo. Miguu itakuwa kama magogo; ni vyema uizoee mapema. Mbio zenyewe kimbilia kwenye udongo wa msitu wa Karura kuliko lami, magoti yatakushukuru.

Kuogelea na baiskeli havijengi mifupa, na baada ya hedhi kukoma mifupa ya akina mama hupungua haraka. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na mzigo, kupanda ngazi, kusimama kwa mguu mmoja. Kula protini kila mlo, iwe maharagwe, mayai, omena au maziwa, badala ya kungoja nyama ya jioni. Mazoezi makali mawili kwa wiki yanatosha. Kijana hupona kwa siku moja. Wewe jipe siku mbili au tatu, na kila wiki ya nne punguza mzigo nusu. Siku ya mashindano, lenga gramu 60 za wanga kwa saa kutoka kwa ndizi, tende au vinywaji vya sukari, ulivyovijaribu mazoezini. Kunywa kwa kufuata kiu. Kujaza maji kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na hilo limeua watu.

Jambo moja naomba lisipuuzwe: usimeze ibuprofeni asubuhi ya mashindano ili goti lisiume. Dawa hiyo ikikutana na mwili uliopungukiwa maji hushambulia figo.

Kwa asiyejua kuogelea, mimi hupanga miaka miwili, na katikati yake triathloni ya nusu, jumla ya kilomita 113. Mwalimu wetu sasa yuko mwezi wa tisa. Jumanne iliyopita alivuka bwawa mara 60 bila kushika ukingo, akatoka akiwa anacheka, kipimo chake cha moyo kimo kwenye faili letu, na Desemba anakwenda Kilifi kuonja maji ya chumvi. Baiskeli bado hajanunua.