Je, Wajua Kwa Nini Yai la Siku Nyingi Huelea?

Tumbukiza yai bichi kwenye bakuli la maji. Jipya hulala ubavu chini kabisa. Lililokaa kaa husimama wima, ncha nyembamba ikiwa chini. La siku nyingi huelea.

Wengi husema ni gesi ya uozo inayoliinua. Lakini gesi ikibaki ndani, uzito wa yai haupungui, na yai lisilopungua uzito litazama tu. Siri iko kwenye ganda. Lina maelfu ya vitundu tusivyoviona, na humo maji ya ndani hutoka kidogo kidogo kama mvuke, hewa ikiingia kushika nafasi. Yai linakuwa jepesi, ukubwa ukiwa uleule. Menya yai la kuchemsha uangalie upande butu: kile kibonyeo ndicho chumba cha hewa, na hukua kila siku. (Kumbe hata tabu ya kumenya ina maana yake: yai la jana hung'ang'ania ganda na kutoka na nyama. Ya kuchemsha, chagua yaliyokaa wiki moja hivi.)

Joto huharakisha haya yote, kwa hiyo mimi sichukui trei iliyopangwa mbele ya duka juani. Naomba ya ndani, kisha nagusa yai moja moja. Linalonata kwenye trei lina ufa na limeshavuja. Rangi ya ganda hainisumbui, hiyo ni mbegu ya kuku tu.

Nyumbani, usiyaoshe kabla ya kuyahifadhi. Kuku hutaga yai likiwa na utando mwembamba unaoziba vile vitundu, na kuosha huuondoa. Marekani mayai ya dukani huoshwa, ndiyo maana huuzwa kwenye friji. Nchi nyingi za Ulaya hawayaoshi, nayo hukaa rafuni kama kwetu. Ila likishaingia kwenye friji libaki humo, tena ndani, si mlangoni panapopata joto kila ukifungua. Yai baridi likitolewa hutoka jasho, na unyevu ule husaidia vijidudu kupenya.

Na likielea? Huenda ni zee tu, si viza. Lipasulie kwenye kikombe peke yake, unuse. Mimi niliwahi kulipasulia moja kwa moja juu ya mengine matano yaliyokuwa tayari kwenye bakuli la chipsi mayai. Siku hiyo tulikula chipsi kavu.