Kabla hujaagiza giaboksi ya sikwenshali

Msimu wa rali ukikaribia, swali linalonifikia sana hapa gereji, Unga Limited, Arusha, ni hili: "Fundi, Subaru nimeshaipandisha nguvu, sasa nifunge sikwenshali?" Yaani giaboksi ya mashindano inayopanda na kushuka gia moja moja kwa mfuatano. Na mimi huuliza kwanza: gia ya tatu umeshaing'oa meno mara ngapi? Mwenye Subaru Impreza ya zamani, ile GC8, hucheka kwa sababu yameshamkuta. Giaboksi yake ya gia tano ilitengenezwa kwa gari la barabarani. Ukiongeza presha ya tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, huku magurudumu yote manne yakiwa yameshika ardhi, meno ya gia ya tatu ndiyo hutangulia kusalimu amri. Hilo ni suala la uimara wa chuma. Kasi ya kubadili gia ni suala lingine kabisa, na wengi wanaoniulizia sikwenshali wameona kasi kwenye video, hawajaulizia uimara.

Tuifungue basi. Ndani ya giaboksi ya manyuo, gia za shafti moja zimeshikana na wenzake za shafti ya pili muda wote, zinazunguka hata kama hazibebi kitu. Unapoweka gia, unachofanya ni kuifunga gia moja kwenye shafti yake. Gari la nyumbani linatumia sinkro: pete laini ya shaba inasuguana na koni ya gia mpaka mizunguko ilingane, ndipo vimeno vidogo viingiane. Kazi ni ya kimya, lakini inataka muda, na pete hiyo huisha haraka mikononi mwa dereva mwenye fujo. Giaboksi ya mashindano imeitupa pete hiyo. Badala yake ina dogi, yaani vinundu vikubwa vya chuma, mara nyingi vitano au sita, vilivyoachiwa nafasi pana ili viingiane hata kama mizunguko haijalingana sawasawa. Gia zenyewe huchongwa meno yaliyonyooka, si ya mshazari kama ya gari la kawaida. Meno ya mshazari husukuma shafti kwenda pembeni na kuielemea bodi ya giaboksi. Yaliyonyooka hayana msukumo huo, ila yanalia. Ule mlio mkali unaousikia gari la rali likipita si injini peke yake.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Dogi ni kitu kimoja na sikwenshali ni kingine. Mitsubishi Lancer Evo na Impreza nyingi za Kundi N, daraja la magari ya rali yanayokaribiana na ya barabarani, zilikimbia kwa giaboksi za dogi huku mkono wa gia ukiwa wa herufi H kama wa gari la mjomba wako. Kinachoongezwa na sikwenshali ni ngoma: silinda ya chuma yenye mifereji iliyochongwa kuizunguka. Foki zinazosukuma dogi zina pini zinazotembea ndani ya mifereji hiyo. Ukivuta mkono mara moja, ngoma inazunguka hatua moja, gia ya pili inatoka na ya tatu inaingia. Ukitaka kuyaona haya kwa macho, nenda kwa fundi wa bodaboda siku anapofungua injini. Ngoma, foki, dogi, vyote vimo humo.

Faida kubwa ya ngoma ni kwamba huwezi kukosea njia. Kwenye herufi H, dereva anayetoka gia ya tano kwenda ya nne, gari likirushwa na shimo, mkono unaweza kuangukia ya pili. Hapo magurudumu yanailazimisha injini izunguke kupita uwezo wake, na valvu zinaweza kukutana na pistoni. Sikwenshali hairuki gia. Lakini haikuzuii kushuka mapema: ukisukuma mkono mara mbili upesi ukiwa bado kasi, umeiumiza injini vilevile. Na kwa kuwa mkono hurudi palepale kila mara, hauwezi kukuambia uko gia ya ngapi, ndiyo maana tunafunga sensa kwenye ngoma na namba kwenye dashibodi. Magari mengi ya rali huvutwa kupanda na kusukumwa kushuka. Ina mantiki: gari likikaza mwendo mwili unarudi nyuma, ukifunga breki unaenda mbele.

Sasa kwenye moto wa plagi. Dogi nyingi zimechongwa kwa pembe ndogo ya kuingia ndani, ili zikishabeba mzigo zishikane zisichomoke. Maana yake, injini ikiwa inasukuma huwezi kuzitoa. Lazima mzigo uachie, hata kwa kitambo kidogo mno. Dereva anaweza kuinua mguu kwenye mafuta, au kukanyaga klachi. Njia ya kisasa ni sensa ndani ya mkono wa gia inayohisi nguvu ya kuvuta. Inaiambia kompyuta ikate moto wa plagi kwa milisekunde kama 50 hadi 100, dogi zinaachia, ngoma inazunguka, moto unarudi, na mguu haujainuka. Muda huo hupangwa gari kwa gari. Ukiwa mfupi mno, dogi zinagongana kona. Ukiwa mrefu, gari linajikwaa kila gia na tabo inapoteza presha. Na kinachoua dogi kuliko kitu chochote ni kubembeleza mkono. Vuta kama unakusudia.

Kwa magari ya zamani ndiko ninakosita zaidi. Wazo lenyewe si geni: Lotus 12, gari la mashindano la Kiingereza la mwaka 1957, ilikuwa na giaboksi ya namna hii, na iliwasumbua vibaya kwa ulainishaji. Mhandisi Keith Duckworth, aliyepewa kazi ya kuitibu, aliondoka Lotus, na mwaka 1958 akaanzisha na Mike Costin kampuni ya injini za mashindano, Cosworth. Lakini Ford Escort au Datsun 240Z iliyokimbia Rali ya Safari ya miaka ya sabini haikuwa na ngoma, na kanuni za FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, za magari ya kihistoria zinataka gari libaki na vyuma vya zama zake. Soma kanuni za shindano lako kabla hujatuma pesa.

Tuseme unakimbia kwa starehe tu. Gari lenye kabureta na distribyuta halina kompyuta ya kukata moto, hivyo utahitaji kisanduku cha pekee kwenye waya za koili, au ujifunze kuinua mguu kwa wakati. Pengine utakata sakafu ili bodi mpya ienee. Kisha yale mapigo ya dogi yanasafiri: kabla yalikuwa yanafyonzwa na sinkro na klachi laini, sasa yanafika propela, difu na ekseli ambazo zina umri wa babu. Nikifunga giaboksi ngumu kwenye ekseli ya zamani, najua chuma kitakachofuata kukatika. Kwa wateja wengi wa aina hiyo nashauri dogi za herufi H, na pesa inayobaki iende kwenye difu na ekseli za nyuma.

Uwiano wa gia nao tusiusahau. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Injini isiyo na tabo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hapa. Anayetoka huku kwenda kukimbia tambarare za miwa za TPC, chini ya Moshi, anahitaji gia ndefu, yaani zinazofika kasi kubwa zaidi, kuliko za barabara za mashamba ya kahawa. Namba ya gia haikupi ushindi: magari ya Rally1, daraja la juu la ubingwa wa dunia wa rali, ya mwaka 2022 yalirudi kwenye gia tano na mkono wa kawaida wa kuvuta, baada ya miaka ya gia sita na vitufe vya usukani.

Oili ibadilishwe baada ya kila shindano, na nati ya kumwagia iwe ya sumaku. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Ukikuta punje zenye kona, hizo ni dogi, na gari lisiwashwe tena mpaka giaboksi ifunguliwe.