Bati weldingi haihusiani na mabati

Wiki jana nimesikia tena mtu akichanganya bati weldingi na mabati ya paa. Nilikuwa Gikomba upande wa mbao, nimebeba utepe wa msumeno wa bendi umekatika, naulizia nani ana mashini ya kuunga, na fundi mmoja kijana, mpole kabisa, akaniambia, "Leta hapa mzee, bati weldingi ndio kazi yetu, si unaona hata yale mageti ya mabati hapo nyuma." Mkononi ameshika holda, kile kishikio cha weldingi ya kawaida, na rodi ya kuyeyusha iko ndani. Nikamshukuru nikaenda zangu lakini hiyo maneno ilinikaa rohoni, acha niitoe.

Haraka haraka: bati weldingi ya rezistansi ni kuunga vyuma viwili ncha kwa ncha. Unavibana kwa taya za shaba, unavisukuma vigusane, unapitisha stima ya volti chache tu lakini ampea maelfu, pale vinapogusana panashika moto mpaka chuma kinalegea, unakandamiza zaidi, vinashikana. Hakuna rodi, hakuna gesi. Ni hivyo tu.

Sasa jina. Hiyo "bati" ni neno la Kiingereza, butt, la mwisho wa kitu, ule upande mnene, ndilo hilo hilo wanalotumia kwa kitako cha bunduki. Kwa hivyo tunaongea kitako kwa kitako, cheka umalize tuendelee. Bati la paa limeingiaje hapo sijui, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba mabati ndiyo kitu ya mwisho ungepeleka kwa hiyo mashini ya karakana, chukua bati la geji 30 ulisimamishe ukingo kwa ukingo ulisukume uone, litajikunja kama karatasi kabla hata hujawasha stima. Mabati hulaliana, moja juu ya lingine, na hapo unapiga spoti, yaani weldingi ya nukta nukta, ama ribiti.

Na rezistansi pia inateswa. Kuna mtu alinieleza kwa ujasiri mkubwa kwamba ni weldingi inayozuia kutu. Hapana. Ni ukinzani, kutoka kukinza, kupinga, na kinachopingwa ni stima yenyewe. Nyuso mbili za chuma hata ukizisugua zing'are bado zina vilima na mabonde, zinagusana kwa vidoncho vichache, stima yote inalazimika kupenya hapo kama matatu zote za Thika Road zikiambiwa zipite leni moja, na kule kubanana ndiko kunaleta joto. Tena ukiongeza stima mara mbili joto linapanda mara nne, ndio maana mambo yanaisha kwa sekunde. Chuma kikishapata moto ukinzani wake unaongezeka, kwa hivyo joto linazidi kukaa pale pale kwenye kiungo, huku taya za shaba hazipati moto sana kwa sababu shaba inapitisha stima bila maneno mengi.

Lakini neno linalonisumbua kuliko yote ni letu wenyewe, kuchomelea. Kwa watu wa Pwani kuchomelea paa ni kuchomeka makuti mapya katikati ya yale makuukuu, yaani unaongeza kitu pale palipopungua, na kwa weldingi ya rodi hilo neno limekaa vizuri sana maana rodi inayeyuka inajaza nafasi, ni kiraka kwa kweli. Huku kwa rezistansi hakuna kinachoongezwa, kinyume chake vipande vinakuwa vifupi kidogo kuliko vilivyoingia! Na chuma si lazima kiyeyuke, kinafika tu ile hali ya mhunzi, chekundu cha kuelekea njano, halafu kinakandamizwa. Hiyo ni kufua, ni kazi ya mhunzi, ila mivukuto imekuwa transfoma. Elihu Thomson, mzaliwa wa Manchester aliyekulia Philadelphia, alipata hataza ya hiyo mashini mwaka 1886, na wahunzi walikuwa wameunga chuma kwa moto na nyundo karne nyingi kabla yake.

Kuna ndugu yake, ile ya cheche, ambayo reli ndefu za treni huungwa nayo. Hapo stima inatangulia, vyuma vinagusana kidogo kidogo, cheche zinaruka na kuondoka na uchafu, ndipo vinagongwa pamoja kwa nguvu. Kwa hii ya kwanza unabana kwanza, stima baadaye.

Msumeno wangu niliungiwa vibanda vichache mbele, kwa mama mmoja mwenye mbao. Mashini yake ni kisanduku kilichofungwa ubavuni mwa bendi. Akakata ncha zikae mraba, akazibana, akavuta mkono, tss, pakawaka pekundu kama kijiti cha sigara na pakabaki kivimbe kama pete. Nikataka kuchukua akanizuia, "Ngoja baba, hapo sasa ni biskuti, ukikunja inapasuka." Akabonyeza swichi ya pili mara kadhaa mpaka kiungo kikawa chekundu cha mbali, akaacha kipoe polepole, ndipo akaondoa kile kivimbe kwa grainda. Unatafuta kiungo kwa kidole huoni.

Kwa hivyo kijana wangu wa holda, mageti yako ni mazuri na sina ugomvi nayo. Hata ukiunga vyuma viwili ncha kwa ncha kwa rodi, hicho ni kiungo cha bati, hilo nakupa. Ila mtu akija na msumeno uliokatika akiulizia mashini ya bati, mwambie tu, "Mzee, sisi tunachomelea, hiyo ingine ulizia kwa mama wa mbao, vibanda vichache mbele."