Goti linauma, usingizi hakuna: kwa nini naanza na usiku

Kituo ninachofanyia kazi kiko chini ya usawa wa barabara, kama nyumba nyingi za Bukavu, mji wetu wa vilima mashariki mwa Kongo, na kila mgonjwa hunifikia kwa kushuka ngazi kumi na nne. Nawatazama wanavyoshuka kabla hawajafungua mdomo. Kijana huyu alitanguliza mguu wa kulia kila ngazi, wa kushoto ukibaki juu kubeba mwili. Nikajua goti bovu ni la kulia. Alipoketi akasema: "Docta, goti inaniuma, na busingizi hakuna."

Ana miaka 24. Kwa miezi mitano alikuwa akibeba vyuma uani kwao Kadutu, siku sita kwa juma: kuchuchumaa na chuma mabegani, kulala chali na kukisukuma, kukiinua kutoka chini. Alikuja kwa ajili ya goti. Usingizi aliutaja kama mtu anayetaja mafua. Mimi niliuandika juu kabisa ya karatasi.

Nafanya fiziotherapia, kine kama tunavyoitwa hapa, na vijana wa vyuma nawaheshimu sana. Wanajiwekea nidhamu katika mji ambao kupanga kesho ni kazi. Ndiyo maana inaniuma kuwaona wanaacha kwa jambo linalotibika.

Nilimwomba anionyeshe maumivu kwa kidole kimoja. Akabonyeza mahali pamoja tu, chini kidogo ya pia ya goti. Angefunika goti zima kwa kiganja, ningefikiria zaidi kiungo chenyewe, pale pia inapokutana na mfupa wa paja. Kidole kimoja pale chini ni kano, ule ukamba unaoishikiza pia kwenye mfupa wa ugoko. Kano hili hudanganya. Mazoezi yakianza linauma, mwili ukipata joto linanyamaza, kijana anaongeza uzito, na kesho yake anashuka kitandani akichechemea.

Msuli hupata damu nyingi na huzoea mzigo kwa majuma machache. Tena katika majuma ya kwanza sehemu kubwa ya nguvu mpya hutoka kwenye neva, zinazojifunza kuuamsha msuli kabla haujanenepa. Kano hupata damu kidogo, nalo hujiimarisha kwa miezi. Ongeza hapo vilima vyetu: kushuka mteremko hulitesa kano hilo, maana msuli wa paja unavuta huku unarefuka. Mtu anayeshuka kutoka Kadutu asubuhi na kupanda jioni amekwisha kuifanyisha kazi miguu yake kabla hajagusa chuma. Ratiba aliyoipata kwenye simu haikuandikiwa mtu wa Bukavu.

Nikamwambia alete vyuma vyake. Ni bomba la maji na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Tuliyapeleka kwenye mizani ya mama muuza unga jirani yetu: moja kilo 17, jingine kilo 20. Lile zito lilikuwa upande wa kulia miezi yote mitano. Sisemi kilo tatu ndizo zilizomuumiza, ila ziliukandamiza mguu uleule kila siku.

Kisha tukarudi kwenye usiku. Analala saa tano. Saa nane umeme unarudi, nyumba nzima inaamka: huyu anachaji simu, yule anapiga pasi, mama anabandika maharage. Anarudi kulala usingizi wa mang'amung'amu, na alfajiri anatoka na bidoni kutafuta maji. Halafu saa kumi na moja jioni, kabla ya mazoezi, anakunywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu. Saa nne usiku nusu ya kopo lile bado iko mwilini.

Mwaka 2011 Rachel Leproult na Eve Van Cauter wa Chicago walichapisha utafiti wa vijana wa kiume 10 wenye afya. Baada ya juma moja la kulala saa tano kwa usiku, testosteroni yao ya mchana, ile homoni ya kiume inayosaidia kujenga msuli, ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Lakini kwangu kubwa zaidi ni hili: mtu asiyelala vizuri, ubongo wake hupungukiwa uwezo wa kuyatuliza maumivu. Kano ni lilelile, jeraha ni lilelile, na goti linauma zaidi. Ziko pia nyakati ambapo usingizi wa mji huu unaibwa na milio ya risasi. Usiku wa namna hiyo simlaumu mtu. Namwambia tu kesho apumzike.

Swali la mwisho huwa la dawa, na hapo watu husita. Kwetu homa ya siku tatu huitwa tifoide, na mara nyingi mtu hunywa ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria. Dawa za jamii hiyo zinaweza kudhuru makano, hata kuyakata, hasa lile la kisigino; Marekani iliziwekea onyo lake kali kabisa mwaka 2008. Pia zinaweza kuvuruga usingizi. Dawa ya pili ni deksamethazoni, inayouzwa kimyakimya kama vidonge vya kunenepesha. Inafukuza usingizi, inadhoofisha msuli na kano, na ikitumika muda mrefu inaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja. Ukizichanganya hizo mbili, hatari kwa kano huongezeka. Lakini usizikate mwenyewe: zungumza na daktari, kwa sababu deksamethazoni iliyozoewa haiachwi ghafla. Kijana wangu alikuwa amekunywa ciprofloxacin siku kumi, akarudi kwenye vyuma kwa uzito uleule.

Sikumkataza mazoezi, kwa kuwa kano lisilobebeshwa kitu hudhoofika. Kwa majuma mawili aliegemea ukuta, magoti yamekunjwa, sekunde 45, mara tano, kila siku. Baadaye kuchuchumaa polepole, sekunde tatu kushuka na tatu kupanda, siku tatu kwa juma. Maumivu tunayapima kutoka 0 hadi 10: yakibaki 3 au chini wakati wa mazoezi, na asubuhi yasizidi ya kawaida, tunaendelea. Kopo la kafeini mwisho saa sita mchana. Na nilimwita mama yake. "Mama, ukubali huyu asiamke umeme ukirudi, siku nne kwa juma." Akawapangia wadogo zake zamu. Naamini hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe.

Goti likivimba na kuwaka moto pamoja na homa, usije kwangu. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile maumivu ya mgongo yanayokuamsha alfajiri na kupungua ukitembea, au yanayoandamana na kukonda na jasho la usiku. Na aliye SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu, asichukulie maumivu ya mifupa kuwa ya mazoezi.

Jumamosi iliyopita, juma la kumi, alishuka ngazi zangu mguu kwa mguu. Alikuwa na daftari la saa alizolala, nyingi zikiwa saba. Maumivu ya kushuka ni 2. Aliniuliza kama anaweza kuongeza kilo tano. Nikamwambia bado, tuonane baada ya majuma mawili.