Mbaruti-maziwa na ini: maswali na majibu

Mbaruti-maziwa ni mmea gani hasa?

Ni mmea wa miiba wa jamii ya alizeti, na jina lake la kisayansi ni Silybum marianum. Asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, ingawa siku hizi umeenea hadi Australia na Amerika, na huko wengi huuhesabu kuwa gugu. Hupenda kando ya barabara, malisho yaliyochakaa na sehemu zilizolala mifugo, maana ardhi hiyo ina mbolea.

Jani lake ni pana, la kijani kinachong'aa, na kando ya mishipa limetapakaa mabaka meupe kana kwamba limemwagiwa maziwa. Wakristo wa zamani walisimulia kwamba ni maziwa ya Bikira Maria, ndiyo asili ya jina marianum. Ua ni la zambarau na limezungukwa na miiba mirefu, migumu.

Nitaujuaje nisiuchanganye na mwingine?

Hili ni jambo zito, kwa sababu neno mbaruti hutumiwa kwa mimea zaidi ya mmoja. Upo Argemone mexicana, wenye miiba na majani yenye michirizi myeupe pia, lakini mafuta ya mbegu zake ni sumu: huvimbisha miguu na kudhuru moyo. Vunja kikonyo kidogo utazame. Argemone hutoa utomvu wa njano, na ua lake pia ni la njano. Ukiona njano, acha.

Ni kweli unatibu ini?

Swali hili nalijibu polepole, kwa kuwa wanaouliza mara nyingi wana mgonjwa nyumbani.

Sifa yake ni ya kale. Mroma Plinio, katika karne ya kwanza, aliandika kwamba maji ya mmea huu yakichanganywa na asali huondoa nyongo. Mwaka 1968 watafiti wa Ujerumani walitenga kutoka kwenye mbegu mchanganyiko unaoitwa silimarini, na kiungo chake kikuu ni silibinini. Silibinini ina kazi moja inayoheshimika hospitalini: mtu aliyekula uyoga wenye sumu kali, Amanita phalloides, katika baadhi ya nchi za Ulaya hutundikiwa dripu yake, nayo husaidia kuzuia sumu isiingie kwenye seli za ini.

Lakini dripu ya hospitali si kidonge cha dukani. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C, ambao matibabu ya interferoni, dawa ya zamani ya sindano, hayakuwaponya. Wengine walipewa silimarini kwa kipimo kikubwa, wengine vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 24. Hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Na leo homa hiyo ya C ina dawa zinazoponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, kwa kawaida ndani ya wiki 8 hadi 12. Inaniuma mtu anapopoteza miezi kwenye mitishamba ilhali dawa hiyo ipo.

Chai ya mbegu zake je?

Silimarini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Unachokunywa ni kiasi kidogo sana.

Nani awe mwangalifu?

Mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti, mjamzito na anayenyonyesha, na mwenye kisukari anayetumia dawa, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Wengine huharisha au kujaa gesi. Tena, baadhi ya vidonge vya mbegu hizi vimewahi kukutwa na sumu ya ukungu.

Unaliwa?

Ndiyo. Kusini mwa Ulaya majani machanga hukatwa miiba pembeni kwa mkasi, yakapikwa kama mchicha. Shina humenywa na kulowekwa ili uchungu utoke. Mbegu zilizokaangwa zimetumika badala ya kahawa.

Unalimwaje?

Kwa urahisi mno, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mbegu hufukiwa sentimita 1 hadi 1.5 tu, na mmea huvumilia ukame na udongo duni. Kazi ipo kwenye kuvuna: maua hayakomai pamoja, na kichwa kikishakauka mbegu hupeperuka na manyoya yake meupe. Kata kichwa manyoya yanapoanza tu kuchungulia, ukiwa na glavu nene. Zilizokuponyoka zitakaa ardhini miaka mingi zikisubiri mvua. Usiache ng'ombe au kondoo wajilie: majani hukusanya naitrati, chumvi ya udongoni ambayo ikizidi ni sumu kwa mifugo, na yakinyauka mnyama huyala kwa wingi, akaweza kufa.

Macho yangu yamekuwa ya njano. Nianze na mmea huu?

Hapana. Nenda kituo cha afya leo, hasa kama mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, tumbo limejaa au unachanganyikiwa. Omba upimwe homa ya ini B na C na kazi ya ini. Kama ulishakunywa mtishamba wowote, mwambie daktari bila aibu, na ikiwezekana uende na pakiti au tawi lenyewe.