"Seva imezeeka": dhana potofu kuhusu skripti inayoilemea seva ya barua pepe

Simu huja asubuhi, maofisi ya Mlandege na Shangani yakishafunguliwa: "Fundi, barua haziingii tena." Ukiuliza imeanza lini, jawabu ni lile lile: tangu wiki iliyopita, inakaa sawa kidogo kisha inarudi. Na kabla hujafika mlangoni hukumu imeshapita: seva imezeeka, inunuliwe nyengine. Nimeshughulika na seva za Linux za hoteli na maofisi ya hapa Unguja kwa miaka, na nyingi ya zilizohukumiwa hivyo hazikuwa na uzee wowote. Zilikuwa na mstari mmoja mbaya ndani ya crontab, yaani orodha ya skripti (mafaili ya amri) ambazo programu ya cron huzianzisha yenyewe kwa wakati uliopangwa. Naandika haya kwa sababu naona watu wanatoa fedha za tabu, na barua za wateja zinafutwa, kwa kuamini mambo ambayo siyo.

"Mzigo umefika 60, kwa hivyo prosesa imeshindwa"

Ukiandika `uptime` unapata nambari tatu: wastani wa mzigo kwa dakika 1, 5 na 15. Wengi wetu tulifundishwa kuzisoma kama kipimo cha prosesa, na kwenye Linux siyo hivyo. Linux huhesabu michakato (programu zinazoendelea) inayofanya kazi na inayongojea zamu ya prosesa, na juu yake huhesabu ile iliyokwama ikingojea diski, ambayo kwenye `ps` na `top` huandikwa herufi D. Kwa hivyo mashine yenye prosesa nne inaweza kuonesha 60 huku prosesa zenyewe zimekaa kitako, hazina la kufanya mpaka diski ijibu.

Andika `vmstat 5` utazame safu mbili, `b` (michakato iliyokwama) na `wa` (muda wa prosesa kuingojea diski). Zikiwa juu zote mbili, ugonjwa uko kwenye diski, na prosesa mpya haitaugusa.

Seva ya barua ndiyo hasa inayopatwa na haya. Kwenye mpangilio wa Maildir kila barua ni faili lake peke yake. Meneja ambaye hajafuta kitu miaka kumi ana mafaili laki mbili bila ya yeye mwenyewe kujua. Sasa ipeleke skripti iyafungue yote, moja moja. Diski ya kuzunguka husoma sehemu zilizotawanyika kiasi cha mara mia moja kwa sekunde. Laki mbili ugawe kwa mia moja ni sekunde elfu mbili, yaani zaidi ya nusu saa kwa sanduku la mtu mmoja, na muda wote huo barua inayoingia kutoka nje inapanga foleni kwenye diski hiyo hiyo. RAM ya ziada husaidia kidogo, kwa kuwa Linux huweka humo yale iliyokwisha kuyasoma. Lakini ukiongeza RAM bila ya kuigusa skripti, umenunua miezi michache tu.

"Cron itangoja kazi ya kwanza imalize"

Hii ndiyo mama wa matatizo yote, na nataka nikae nayo.

Cron tunayoitumia wengi inatokana na ile aliyoiandika Paul Vixie mwaka 1987. Kila dakika inaamka, inatazama saa, inatazama mistari, na mstari uliofika wakati wake inauanzisha. Basi. Haiulizi kama kazi ya zamu iliyopita imemaliza, imekwama au bado inahangaika. Hiyo si kasoro. Haikupewa kazi ya kuuliza.

Hoteli moja ya Mji Mkongwe ilikuwa na skripti ya kupita kwenye masanduku yote kila dakika 5, kupima ukubwa wake na kusomesha kichujio cha barua taka. Ilipoandikwa ilikuwa inamaliza hata dakika haijatimia. Ukaja msimu wa wageni, kuanzia mwezi wa Juni, barua za kubuku vyumba zikamiminika na picha za pasipoti ndani yake, na skripti ikaanza kuchukua dakika sita. Dakika sita kwa kazi ya kila dakika tano. Ya pili ikaanza ya kwanza haijaondoka. Zote mbili zikagombania diski moja, kwa hivyo kila moja ikawa nzito zaidi kuliko ingekuwa peke yake, na ya tatu ikazikuta zote mbili. Nilipoingia kwenye seva kwa mbali, kwa `ssh`, nilingoja mpaka nikadhani mtandao umekatika. Nikaandika:

```
ps -eo etime,stat,args --sort=start_time
```

Nikaona hivi, ukurasa mzima:

```
01:04:51 D  /bin/sh /usr/local/bin/kagua.sh
   59:51 D  /bin/sh /usr/local/bin/kagua.sh
   54:51 D  /bin/sh /usr/local/bin/kagua.sh
   49:51 D  /bin/sh /usr/local/bin/kagua.sh
```

Tazama hiyo safu ya kwanza, ambayo ni umri wa kila mchakato. Zimepishana dakika tano kamili, kama vipago vya ngazi. Ukiiona ngazi hiyo huhitaji kuuliza tena nani mkosa. Programu iliyolemewa na wateja hailingani hivyo. Kinacholingana hivyo ni saa.

Dawa yake ni fupi kuliko maelezo:

```
*/5 * * * * flock -n /run/lock/kagua.lock /usr/local/bin/kagua.sh
```

Amri ya `flock` inashika kufuli kabla ya kuiruhusu skripti. Kwa `-n`, ikikuta kufuli limeshashikwa inaondoka pale pale, haipangi foleni. Wapo wanaojitengenezea kufuli kwa `touch`, na kuandika ndani ya skripti kwamba faili likiwepo isianze. Msifanye hivyo. Umeme ukikatika katikati ya kazi faili linabaki kwenye diski, na seva ikiwaka tena skripti haianzi daima, na hakuna atakayejua mpaka sanduku lijae. Kufuli la `flock` limeshikwa na kiini cha Linux chenyewe: mchakato ukifa, kwa njia yoyote ile, kufuli linaachiliwa.

Anayetumia taima (ratiba) za systemd, msimamizi wa huduma za Linux, badala ya cron amesalimika na hili, kwa sababu systemd haianzishi tena huduma ambayo bado inaendelea. Lakini usiridhike na kufuli peke yake. Kazi inayohitaji dakika sita haina haki ya kuitwa kila baada ya tano. Ile ya hoteli niliihamisha ikawa mara moja kwa usiku, na hakuna aliyeona tofauti.

"Ukizima na kuwasha inakaa sawa"

Inakaa sawa, ni kweli, na ndiyo maana dhana hii haifi. Kuzima kunaivunja ngazi yote kwa mara moja. Halafu baada ya saa moja au mbili ngazi inajijenga upya, na ule ushahidi uliokuwa uutazame umeupoteza. Kabla ya kuzima, hifadhi matokeo ya `ps` kwenye faili. Mara nyengine utalazimika kuzima, kwa sababu mchakato wenye herufi D haufi hata kwa `kill -9` mpaka diski iujibu. Lakini hifadhi kwanza.

"Weka nice 19, yamekwisha"

`nice` hupunguza haki ya mchakato kwenye prosesa. Kwenye diski haisemi kitu cha maana. Kwa diski kuna `ionice -c3`, nayo inategemea mpangaji wa kazi za diski uliopo kwenye mashine yako. Kwa mpangaji mwengine haina athari yoyote. Na lipo jambo ambalo wengi hawalifikirii: ukiipunguzia skripti nguvu bila ya kuifunga kwa kufuli, unairefusha. Ikirefuka inakutana na mwenzake mapema zaidi. Nimeona mtu akiongeza `nice` kwa nia njema na siku ya pili yake ngazi imekuwa ndefu mara mbili.

"Foleni imejaa barua, ifute yote"

Hapa naomba kwa dhati. Amri ya `postsuper -d ALL` inafuta kila kitu kilichomo kwenye foleni za Postfix, programu inayopokea na kupeleka barua, na hakuna pa kukirudisha. Humo ndani mna jawabu la mgeni aliyeuliza chumba, mna ankara, mna barua ya mtu anayeomba kazi. Postfix haimwambii mtumaji "nimepokea" mpaka barua iwe imeandikwa kwenye diski. Akishaambiwa hivyo, nakala hiyo ya kwako ndiyo amana.

Seva kulemewa hakupotezi barua kwa haraka kama watu wanavyoogopa. Ikishindwa kupokea, seva ya upande wa pili huiweka barua na kujaribu tena, na desturi ni kuendelea hivyo kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Postfix nayo, usipoibadilisha, hushikilia barua iliyoshindwa kutoka kwa siku 5. Una muda. Tumia muda huo kuandika `mailq` na kusoma safu ya watumaji.

Mara nyingi utakuta aliyeijaza foleni ni root, yaani mtumiaji mkuu wa seva yenyewe. Chochote ambacho skripti inakichapa, cron hukichukua na kumpelekea mwenye crontab kwa barua pepe. Skripti ya kila dakika inayochapa neno moja tu, "tayari", inazaa barua 1,440 kwa siku. Na kama barua za root zimeelekezwa kwenye anwani ya fundi aliyekwisha kuondoka kazini, zote zinagonga mlango uliofungwa, zinarudi, zinajaribu tena. Yaani skripti inayopima mzigo wa barua ndiyo inayozizaa. Elekeza maneno ya kawaida kwenye faili la logi, na yaache makosa peke yake ndiyo yaje kwa barua, kwa mtu ambaye yupo.

"Umeme ukirudi, kila kitu kinaendelea kilipoachia"

Sisi ni watu wa waya uliopita chini ya bahari. Waliokuwepo hawajasahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilivyokaa bila ya umeme wa gridi. Siku hizi ni kukatika kwa saa chache, lakini seva huzimika vile vile betri ikiisha.

Cron yenyewe hailipi kazi iliyopitwa na wakati. Anacron, programu mwenzake, inalipa, na taima ya systemd yenye `Persistent=true` inalipa pia. Kwa hivyo umeme ukirudi, kazi za usiku zinaamka mchana, karibu kwa pamoja, wakati ule ule ambao barua zilizokuwa zikingojea nje nazo zinabisha hodi. Kwa taima, weka `RandomizedDelaySec=30m` ili zisiamke zote kwa mkupuo.

"Nimeiweka saa nane usiku"

Hili limetuganda sisi Waswahili kuliko watu wengine. Mkuu wa kazi anasema ifanyike saa nane usiku, kijana anaandika:

```
0 8 * * * /usr/local/bin/kagua.sh
```

Cron haihesabu saa kuanzia magharibi na alfajiri. Inahesabu kuanzia saa sita ya usiku wa manane, kwa hivyo 8 ni saa mbili asubuhi, watu ndio kwanza wanafungua masanduku yao. Saa nane usiku ni 2. Na akiandika `* 2 * * *`, akasahau sifuri ya mwanzo, skripti inaanzishwa kila dakika kwa saa nzima, mara 60.

Halafu kuna eneo la saa. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele mwaka mzima. Ile 8 ya kijana inakuwa saa tano asubuhi. Na hata usipoandika chochote, Debian, ambayo ni aina moja ya Linux, ina kazi zake za kila siku zilizopangwa saa 6:25 kwa hesabu ya cron. Kwenye seva ya UTC hiyo ni saa tatu na dakika ishirini na tano za asubuhi yetu. Kama simu za malalamiko zinakuja wakati huo kila siku, anza hapo. `timedatectl` itakwambia seva iko eneo gani, `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` itairekebisha, na baada yake izime cron na kuiwasha ili ilijue eneo jipya.

Na juu ya kila mstari naandika maneno kwa lugha yetu, kwa ajili ya atakayekuja baada yangu:

```
# saa nane na dakika kumi na saba usiku, saa za Unguja
# huchukua dakika sita msimu wa wageni. Usiirudishe kila dakika 5
17 2 * * * flock -n /run/lock/kagua.lock /usr/local/bin/kagua.sh
```